Upepo wa Mgongoni Hauna Sauti: Mwongozo wa Bingwa Asiyejichosha

Sogea karibu, ndugu yangu, nikunong'oneze. Umeuza mbuzi ukanunua baiskeli. Umejitia kaptura ya kubana, na watoto wa mtaani sasa wanakufuata kwa nyimbo. Kila asubuhi unanyonga mpaka roho inafika kooni, na bado yule kijana muuza mikate, kwenye Phoenix aliyorithi kwa babu yake, anakupita akipiga mluzi. Unadhani kasoro iko miguuni. Miguu yako haina kosa. Hujui upepo tu.

Mwongozo huu ni wa watu kama mimi na wewe, tunaopenda kusifiwa na tusiopenda kuchoka. Hautakufundisha kwenda kasi. Utakufundisha kuonekana umekwenda kasi, na siku ukishindwa, ushindwe kwa namna ambayo watu watakupa pole badala ya kukucheka. Fuata hatua moja moja. Ukimaliza kusoma, uweke chini ya godoro.

Hatua ya 1: Chagua msimu kabla ya kuchagua baiskeli

Pwani yetu imejaliwa pepo mbili kubwa, na zote huja kwa kalenda. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi hupokea zamu Aprili, ikitokea kusini na kusini-mashariki, na huikalia bahari hadi Septemba. Katikati kuna maleleji, pepo zisizo na msimamo, kama mjumbe wa kamati aliyeahidiwa posho na pande zote mbili.

Sasa siri yenyewe. Unguja, barabara ya kutoka Mjini kwenda Nungwi inaelekea kaskazini. Basi Julai, kusi ikiwa imekolea, anzia Mjini umalizie Nungwi. Januari, kaskazi ikishika, anzia Nungwi umalizie Mjini. Barabara ni ileile na jua ni lilelile, lakini aliyepanga vizuri atasifiwa na aliyepanga vibaya atapakwa mafuta ya kuchulia.

Usiondoke alfajiri. Hiyo ni saa ya umande, upepo mwepesi wa kutoka nchi kavu, usio na msaada kwa mtu mwenye makuu. Kunywa chai, kula vitumbua, salimia majirani. Kusi mara nyingi hukaza jua likishapanda. Ukiulizwa mbona umechelewa, jibu kwamba mazoezi ya juani hukomaza mwili. Hakuna atakayekubishia, maana hakuna atakayetaka kujaribu.

Hatua ya 2: Nenda, usirudi

Kosa la waungwana ni kurudi. Wanaamini upepo ni mtu wa haki, kwamba ulichonyang'anywa ukienda utarudishiwa ukirudi. Upepo hauna daftari la madeni.

Toa kalamu. Safari ni kilomita 20 kwenda na 20 kurudi. Siku ya shwari unanyonga kilomita 25 kwa saa, na unamaliza kwa dakika 96. Sasa uje upepo wa kilomita 10 kwa saa, nguvu za miguu zisibadilike, nasi tuhesabu ukinzani wa hewa peke yake. Ukienda uso kwa uso nao, unashuka hadi karibu kilomita 19 kwa saa, na nusu hiyo ya safari inakula dakika 64. Ukirudi nao mgongoni unapaa hadi kilomita 32, na nusu ya pili inakwisha kwa dakika 37 na kitu. Jumla ni dakika 101. Umepoteza dakika tano, na wala hukusimama hata kununua madafu.

Sababu ni nyepesi: unakaa muda mrefu ndani ya upepo unaokuchukia, na muda mfupi ndani ya upepo unaokupenda. Na kadiri upepo unavyokuwa mkali, ndivyo hasara inavyokua.

Dawa yake ni daladala. Ukifika Nungwi, piga picha, kunywa soda, kisha panda namba 116, baiskeli ikipandishwa juu kwenye keria. Ukipita Mahonda, inama kana kwamba unatafuta sarafu iliyoanguka.

Ukiona haya, jipe moyo kwa mfano mkubwa. Aprili 2011 Mkenya Geoffrey Mutai alikimbia marathoni ya Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukimbia umbali huo kwa muda mfupi hivyo. Rekodi ya dunia ilikuwa nyuma yake kwa sekunde 57. Haikuhesabiwa. Njia ya Boston huanza mahali pamoja na kuishia mbali kule, inashuka kupita kiasi kinachoruhusiwa, na siku hiyo upepo ulikuwa unawasukuma wakimbiaji mgongoni. Mutai hakuiba chochote; alikimbia njia aliyopewa. Lakini sheria ya rekodi inataka mwanzo na mwisho wa njia visiachane kwa zaidi ya nusu ya umbali wa mbio, kwa sababu waliotunga sheria hiyo waliwajua watu kama mimi na wewe.

Bahati nzuri, sheria hiyo haijafika Kinyasini.

Hatua ya 3: Jua pepo tatu, taja moja tu

Hapa ndipo elimu yote ilipo, kwa hiyo tulia kidogo.

Kuna upepo wa kweli: ule unaoujua mnazi, kwa kuwa mnazi umesimama. Kuna upepo wa mwendo: ule unaoutengeneza mwenyewe kwa kwenda. Siku ya shwari kabisa, ukinyonga kilomita 20 kwa saa, hewa inakupiga usoni kwa kilomita 20, na umeizua wewe. Halafu kuna upepo wa usoni: hizo mbili zikichanganyika. Huo ndio unaofika shavuni, ndio unaolijaza tanga, na ndio unaopeperusha bendera ya chombo kilicho mwendoni. Mbili za kwanza ni hesabu. Wa tatu ndio maisha.

Sasa uchezee. Kusi inavuma kilomita 20 kutoka nyuma, nawe unanyonga 20. Upepo wa usoni ni sifuri. Jasho linatiririka, shati limeganda, na nzi amekaa begani kama abiria aliyelipa nauli. Hapo hapo tamka kwa sauti, wenzako wasikie: "Leo hata upepo hakuna!"

Hujasema uongo. Umesema unachokihisi. Ndiyo raha ya upepo wa mgongoni: humwezesha mtu mkweli kudanganya.

Yule masikini anayekuja mkabala wako, naye kwa kilomita 20, upepo wake wa usoni ni 40. Na hewa haina huruma: ikikupiga kwa kasi mara mbili, inakurudisha nyuma kwa nguvu mara nne. Masikioni mwake kuna ngurumo. Akifika atasimulia upepo wa omo jioni nzima, na watu watachoka kumsikiliza. Wewe ukifika utasimulia miguu yako. Ndiyo maana hujawahi kumsikia mtu akianza hadithi ya safari yake kwa kusema, "Nilisukumwa."

Hatua ya 4: Ficha mashahidi

Adui yako mkubwa si mpinzani, ni mnazi. Usipige picha yoyote yenye minazi iliyoinamia upande unaokwenda. Jihadhari vilevile na bendera za shule, moshi wa jikoni, na kanga zilizoanikwa. Kanga ikipeperukia Nungwi nawe unaelekea Nungwi, picha hiyo ni ushahidi mahakamani. Piga picha ukutani, au ndani ya duka.

Simu yako haina neno. Programu ya kupima mwendo huandika kasi, umbali na njia, lakini haiandiki nani alikuwa akisukuma. Tuma kwenye kundi la familia mara moja, kabla kusi haijatulia.

Na katu usimiliki kipima upepo. Waulize wanariadha. Katika mbio za mita 100, upepo wa mgongoni ukizidi mita 2 kwa sekunde, muda wako hauingii kwenye rekodi. Mwaka 2008, huko Eugene, Marekani, Tyson Gay alikimbia kwa sekunde 9.68, muda ambao hakuna mtu aliyekuwa ameufikia. Kipima upepo kikasoma 4.1, mambo yakaenda arijojo. Mwaka uliofuata, Berlin, Usain Bolt alitumia sekunde 9.58, kipima kikasoma 0.9, na rekodi ikapita. Naye alisukumwa, ila kwa kiasi cha adabu. Jifunze hapo: tatizo halikuwa upepo, tatizo lilikuwa kupimwa.

Hatua ya 5: Upepo wa ubavuni ni kisingizio cha wasomi

Ipo siku utashindwa na upepo haukutoka mbele. Mtu wa kawaida hapo hukosa la kusema. Wewe utakuwa nalo.

Watu hudhani upepo unaokupiga ubavuni kabisa hauongezi wala haupunguzi. Waachie dhana hiyo, kisha uivunje mbele ya mashahidi. Nyonga kilomita 20 kwa saa, upepo wa kilomita 10 utoke kulia kwako moja kwa moja. Upepo wa usoni sasa unafika kilomita 22 na zaidi, na unakuja kwa mshazari kutoka mbele. Ukinzani unaokurudisha nyuma unaongezeka kwa asilimia 12 hivi. Kwa hiyo hata upepo ambao haujielekezi kwako unakula nguvu zako.

Maana yake ni tamu sana: katika pande zote ambako upepo unaweza kutokea, zaidi ya nusu ni za kukupinga. Ili upepo uanze kukusaidia hautoshi kuwa ubavuni; lazima usogee kidogo nyuma. Mungu ametuwekea visingizio vingi kuliko misaada. Vitumie.

Sema taratibu, kama daktari anayesoma majibu: "Tatizo lilikuwa mshazari wa upepo wa usoni." Waliotaka kukucheka watatikisa vichwa.

Hatua ya 6: Jifiche nyuma ya mtu mpana

Anayekutangulia hukupasulia hewa. Ukimkalia nyuma karibu kabisa, katika mwendo wa kasi, unaweza kuokoa kama theluthi ya nguvu zako. Ile methali ya mtegemea cha nduguye hufa maskini ilitungwa na mtu aliyekuwa mbele.

Chagua mtu kwa makini. Muuza mikate ni bora, maana sanduku lake la mbao kwenye keria ni ukuta unaotembea, na linanukia. Mchuuzi wa samaki ana tenga pana zaidi, lakini kumbuka hatua ya 3: hewa yote inayomzunguka inafika puani mwako, na pweza wa saa nane mchana hana siri. Lori usilifuate. Mwongozo huu ni wa kushindwa, si wa kufa.

Ukiambiwa, "Kaka, njoo mbele nawe," inama uangalie cheni. Ukiambiwa mara ya pili, angalia tairi. Mara ya tatu, simama uombe maji. Tofali la hewa si lako; usilibebe.

Wakikuita kupe, wakumbushe Eliud Kipchoge. Oktoba 12, 2019, Vienna, alimaliza marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akiwa amezungukwa na wakimbiaji wa kumsindikiza, 41 kwa jumla, wakipokezana zamu. Waliotangulia walijipanga ili wamkinge na hewa. Haikuwekwa kwenye rekodi rasmi, lakini dunia nzima ilipiga makofi. Tofauti yake na wewe ni ndogo tu: yeye alikuwa anakimbia.

Onyo moja. Upepo ukitoka ubavuni, kivuli chake hakiko nyuma ya mwenzio. Kiko nyuma na pembeni. Ukitoka kulia, jiweke nyuma kushoto. Waendesha baiskeli wa Ulaya hujipanga hivyo kwa mstari wa mshazari unaoikata barabara, na barabara ikijaa, anayebaki nje anabaki ukingoni, peke yake na upepo wake. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alionja hilo mwaka 2013 kwenye Tour de France, katika hatua ya kutoka Tours hadi Saint-Amand-Montrond. Alikuwa amevaa jezi ya njano ya kiongozi, upepo wa ubavuni ukalikata kundi, akapoteza sekunde 69 kwenye barabara tambarare isiyo na kilima cha kulaumu. Bado alishinda mashindano yote. Wewe hutashinda, lakini sababu utakuwa nayo.

Hatua ya 7: Hamia ngalawani

Baiskeli ina aibu moja: miguu yako inaonekana. Ngalawani upepo hufanya kazi yote, nawe unakaa. Jifunze njia tatu tu, kila moja na matumizi yake.

*Ya picha: upepo wa tezini.* Upepo uko nyuma, tanga limejaa kama kanzu ya imamu, bahari imelala. Mgeni hudhani hii ndiyo kasi. Lakini hesabu: upepo kilomita 20, ngalawa 10, upepo wa usoni 10 tu. Kila ukiongeza mwendo, kinachokusukuma kinapungua. Chombo kinachosukumwa moja kwa moja kutoka nyuma hakiwezi kuupita upepo wake, kama ambavyo huwezi kumpita mtu anayekubeba mgongoni. Njia hii itumie magharibi, mbele ya hoteli.

*Ya kasi: upepo wa ubavuni.* Hapa tanga haliwi gunia la kusukumwa, linakuwa bawa. Hewa inapita pande zake mbili, inalivuta, na chombo kinakataa kwenda upande, kwa hiyo kinachomoka mbele. Uzuri ni kwamba upepo wa usoni haupungui ukikimbia. Unaongezeka, na unasogea kuelekea omo. Baharia mpya hupiga kelele, "Upepo umegeuka!" Upepo haujageuka, ni ngalawa iliyochangamka. Kaza demani, ile kamba ya tanga, kidogo, nyamaza, na uangalie upeo wa macho kama mtu aliyelitegemea hilo tangu jana.

*Ya sifa: kubisha.* Chombo cha tanga hakiendi moja kwa moja kwenye upepo. Kinakwenda kwa pindi, kulia halafu kushoto. Tuseme upepo ni kilomita 20, na ngalawa inakwenda 8 kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka upepo unakotokea. Upepo wa usoni unafika kilomita 25! Maji yanaruka, kamba zinalia, baharia anakaa nje juu ya ubao, abiria wanatoa shahada. Na kuelekea kule unakotaka kufika unasogea kilomita ngapi kwa saa? Nne. Mama anayetembea ufukweni na mfuko wa mwani kichwani anakupita, tena akiongea na mwenzake.

Hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote kwa mtu kama wewe. Hakuna mahali pengine duniani ambapo mtu huonekana akipambana namna hiyo huku akifanya kidogo hivyo, ukiacha baadhi ya ofisi.

Hatua ya 8: Taja vyombo vya watu wengine

Ngalawa yako ikiwa inajikokota, zungumzia kasi ya wengine. Novemba 2012, katika ghuba ya Walvis Bay nchini Namibia, Paul Larsen aliendesha chombo cha tanga kiitwacho Vestas Sailrocket 2 kwa wastani wa kilomita 121 kwa saa katika umbali wa mita 500. Desemba 2022, Glenn Ashby aliendesha gari la tanga, Horonuku, juu ya ziwa kavu la chumvi la Gairdner huko Australia, akafika kilomita 222.4 kwa saa. Upepo wa kweli siku hiyo haukufika hata robo ya kasi hiyo.

Msikilizaji atauliza, chombo kinaupitaje upepo unaokiendesha? Hapa vuta pumzi. Eleza kwamba kikikatiza upepo badala ya kuukimbia, kila kilomita kinayoiongeza kinazua upepo wa mwendo, na tanga linaula huo nao. Chombo kinajipikia chakula chake. Kinakoma tu pale ukinzani unapolingana na mvuto, na juu ya chumvi kavu ukinzani ni mdogo. Ngalawa yetu imeshikwa miguu na maji.

Malizia: "Kimsingi ni fizikia ileile." Halafu pigapiga ubavu wa ngalawa yako, kwa upole, kama mtu anayemsifu punda.

Hatua ya 9: Ukishindwa kabisa, ngoja

Hii ndiyo njia ya mkato yenye heshima kuliko zote, na waliotuachia ni mabaharia wenyewe. Majahazi ya Oman na Ghuba yalikuja na kaskazi, yakaleta tende na mazulia. Kurudi hawakushindana na mtu. Walikaa Lamu, Mombasa na Unguja, wakapakia boriti za mikoko, wakanywa kahawa, wengine wakaoa, mpaka kusi ilipowabeba nyumbani. Miezi mizima ya kukaa, na historia haikuwaita wavivu. Imewaita wafanyabiashara.

Aliyekataa kungoja tunamjua. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Malindi, akapewa rubani aliyeijua bahari, kusi ikamtia mgongoni, na akavuka hadi pwani ya Calicut kwa siku 23 hivi. Kurudi hakusubiri kaskazi ikolee. Aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, akakutana na shwari na pepo za omo, na bahari ileile ikamla karibu miezi mitatu. Mabaharia wake wengi walikufa kwa kiseyeye. Hesabu ya hatua ya 2, ila kwa makaburi.

Nenda Malindi leo uone mnara. Una jina la Gama. Jina la rubani wanahistoria bado wanabishania, na kusi haikutajwa popote. Nilikwambia: upepo wa mgongoni hauna sauti, na anayekuonyesha unakotoka naye mara nyingi huwa hana.

Basi ukialikwa kwenye mbio usizoziweza, tazama mbinguni, lowesha kidole, kiinue, kisha sema kwa huzuni: "Nangoja kusi." Kama tayari ni kusi, ngoja kaskazi.

Hatua ya 10: Siku ya kurudi

Hatua hii sikutaka kuiandika, lakini mshauri mwema hamfichi mteja wake.

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, nilitimiza hatua zote. Nilifika Nungwi kama risasi, nikaketi na wazee pale ufukweni wanapounda majahazi, nikawasimulia miguu yangu. Mzee mmoja nahodha alinisikiliza mpaka mwisho, hata akaacha kutafuna. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, baiskeli utairudisha kwa njia gani?"

"Nitapumzika kwanza, mzee."

"Basi pumzikia chomboni."

Tukatweka tanga. Akanipa demani nishike, na kusi ikatusukuma polepole kuelekea kaskazini. Palikuwa na joto, palikuwa kimya, maji yalikuwa kama mafuta. Nilijiona nahodha. Nikamwambia, kwa huruma ya mtaalamu, "Mzee, naona upepo umekufa."

Hakunijibu. Alisukuma usukani tu. Chombo kikageuka, tanga likapiga kelele kama turubai la harusi lililong'oka, na upepo uliokuwa umekufa ukafufuka wote kwa pamoja usoni mwangu. Wimbi la kwanza likaingia na kofia yangu ikatoka. Demani ikanichoma viganja, nikaiachia. Wimbi la pili lilipoingia, mzee alikuwa keshaichukua kamba, na mkono wake wa pili ulikuwa unaninyooshea kopo la maziwa la zamani, lenye mpini wa waya.

"Enda tezi na omo," alisema, "marejeo ni ngamani."

Nilikumba maji mpaka tulipofika. Na niseme kweli, tulichukua muda mrefu sana kufika.

Kwa hiyo hatua ya mwisho ni fupi. Kabla hujapanda chombo chochote, uliza kopo liko wapi.